Kutembea, kukimbia au baiskeli: zoezi gani la muda mrefu linaifaa presha yako ukiwa Dodoma?

Mkanda ulipolegea mkononi, mashine ilionyesha 146 kwa 92. Ilikuwa saa 11 na nusu alfajiri, nyumbani kwangu Nzuguni. Nilikuwa nimekaa jikoni dakika tano nzima bila kuongea na mtu, mgongo umeegemea kiti, nyayo zote mbili chini, mkono umelala juu ya meza usawa wa moyo. Nikavaa raba, nikatoka kuelekea viwanja vya Nanenane, nikatembea dakika 50 kwa mwendo wa mtu anayeona daladala inataka kumwacha. Niliporudi nikaoga, nikanywa maji, nikakaa tena kwenye kiti kile kile. Saa nzima baada ya kumaliza kutembea nilipima: 133 kwa 85.

Siku hiyo ndipo nilipoona kwa macho yangu jambo ambalo daktari alikuwa amenieleza kwa maneno. Nilihamia Dodoma kutoka Dar es Salaam pamoja na ofisi, kama watumishi wengi wa serikali, na maisha yangu yalikuwa ya kiti: kiti cha basi la wafanyakazi hadi Mtumba, kiti cha ofisini, kiti cha basi wakati wa kurudi, kisha kochi. Nina miaka 46. Baba yangu alipata kiharusi akiwa na 58. Haya ninayoandika niliyatafuta kwa sababu nilipaswa kuchagua, na najua wapo wengi mjini hapa na vijijini kwetu waliosimama kwenye njia panda hiyo hiyo.

Kwa mtu wa Dodoma chaguo zenyewe ni tatu: kutembea haraka, kukimbia polepole na baiskeli. Kuogelea kunaufaa sana moyo, lakini mabwawa hapa ni machache na kuingia ni kwa kulipia, basi nakuacha pembeni.

Kazi ya leo na kazi ya miaka

Zoezi la muda mrefu linafanya kazi mbili mwilini, na asiyezitofautisha huchagua vibaya.

Kazi ya kwanza ni ya leo leo. Ukiwa umekaa, moyo husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika. Ukianza kutembea haraka au kukimbia, misuli ya miguu inadai damu, na moyo unaitikia: mtu wa kawaida akitumia nguvu zake zote hufikisha lita 20 hivi, na wanariadha wakubwa hupita 35. Namba ya juu ya presha inapanda. Mtu mwenye 120 akiwa amekaa anaweza kufika 170 au 180 akiwa anakimbia, na hilo ni la kawaida kabisa. Namba ya chini hubaki palepale au hushuka kidogo, kwa sababu mishipa ya miguuni imefunguka na damu inapita bila kizuizi. Ndiyo maana nawasihi watu wasipime presha huku bado wanahema. Shoga yangu wa ofisini alifanya hivyo, akaona 172, akaapa hatakimbia tena.

Ukisimama, moyo unatulia upesi lakini mishipa inabaki imelegea, na hapo presha inashuka chini ya pale ilipoanzia. Jambo hili si geni: Leonard Hill wa Uingereza alilipima mwaka 1898 kwa watu waliokimbia mbio fupi, akaona presha imeendelea kuwa chini kwa saa moja na nusu. Vipimo vya miaka ya karibuni vinaonyesha kwamba kwa mtu mwenye presha ya kupanda, mteremko huo unaweza kuendelea kwa saa nyingi, hata kukaribia siku nzima. Siku inayofuata unakuwa umekwisha, na hapo unahitaji zoezi jingine.

Kazi ya pili inachukua miezi na miaka, na inafanyika kwenye moyo wenyewe. Chumba cha kushoto, kile kinachosukuma damu kwenda mwili mzima, kinapanuka, kinajaa vizuri zaidi, na kila pigo linatoa damu nyingi kuliko zamani. Kijijini kwa mama yangu, Kongwa, kuna bomba la mkono. Mtoto wa miaka minane anapiga mpini haraka haraka, mapigo mafupi, na ndoo inachelewa kujaa. Mama anaushusha mpini mpaka mwisho, taratibu, na ndoo inajaa kabla hajatweta. Moyo uliozoezwa unapiga kama mama. Ukipunguza mapigo ya kupumzika kutoka 70 hadi 60 kwa dakika, umeupunguzia moyo mapigo 14,400 kila siku.

Hapa kuna jambo lililonichanganya kwa muda mrefu, na nataka lieleweke. Watu husema presha inasababisha "moyo mkubwa", na pia husema wakimbiaji wana "moyo mkubwa". Ni vitu viwili tofauti. Daktari wa Sweden, Salomon Henschen, aliona mwaka 1899 kwamba washindani wa mbio ndefu za kuteleza kwenye theluji walikuwa na mioyo mikubwa kuliko watu wengine, na aliigundua kwa kugongagonga kifua na kusikiliza tu. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani wakatazama kwa kipimo cha mawimbi ya sauti: wakimbiaji na waogeleaji walikuwa na chumba kipana, wapiga mieleka na warusha tufe walikuwa na ukuta mnene. Presha isiyotibiwa nayo inanenepesha ukuta, kwa sababu moyo unasukuma kila pigo dhidi ya mishipa migumu, mchana na usiku, bila siku ya mapumziko. Ukuta huo hatimaye unakakamaa, na chumba kinashindwa kujaa. Chumba cha mkimbiaji kimepanuka na bado ni laini.

Na ulaini huo unaweza kurudishwa. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanyika Dallas kwa watu wa miaka 45 hadi 64 waliokuwa wa kukaa tu kama mimi. Baada ya miaka miwili ya mazoezi ya siku 4 hadi 5 kwa wiki, ugumu wa mioyo yao ulipungua kwa takriban asilimia 25, na uwezo wao wa kutumia hewa ukaongezeka kwa asilimia 18. Kabla ya kusoma hayo nilidhani kwa umri wangu nimeshachelewa. Kumbe huu ndio umri wa kuanza, maana moyo ukishapita miaka 65 hivi hausikii tena kwa urahisi namna hiyo.

Kutembea na kukimbia

Nilipomwambia mama kwamba nimeanza mazoezi ya kutembea, alinijibu, "Mwanangu, kutembea si mazoezi. Kutembea ni kutembea." Kwa mwanamke aliyelima maisha yake yote na kufuata maji kwa miguu, naelewa kwa nini anasema hivyo. Lakini sikukubaliana naye, na hadi leo hatujakubaliana.

Angalia majirani zetu Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, upande wa kaskazini wa Singida. Watafiti waliwavalisha vifaa vya kupima mapigo ya moyo, matokeo yakatoka mwaka 2017. Walikuta kwamba kwa wastani watu hawa wako kwenye mwendo wa wastani au mkali kwa dakika kama 135 kila siku, sehemu kubwa ikiwa ni kutembea, kuchimba mizizi na kubeba walichopata. Presha ya kupanda ilikuwa nadra kwao, hata kwa wenye umri mkubwa. Wanakula tofauti na sisi, chumvi yao si ya kwetu, kwa hiyo siwezi kusema ni miguu peke yake. Ila miguu imo.

Kuna pia utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2013, uliofuatilia wakimbiaji zaidi ya 33,000 na watembeaji karibu 16,000 kwa takriban miaka sita. Swali lilikuwa hili letu. Jibu: kwa kiasi kile kile cha nguvu kilichotumika, hatari ya kupata presha ilipungua kwa asilimia 4.2 kwa wakimbiaji na asilimia 7.2 kwa watembeaji. Maana yake, mwili unahesabu kazi iliyofanyika, haukupi zawadi ya ziada kwa kuhema sana.

Tofauti iko kwenye saa. Kutembea kilomita 5 hadi 6 kwa saa kunatumia nguvu mara nne hivi ya kukaa tu. Kukimbia kilomita 8 kwa saa kunatumia mara nane. Nusu saa ya kukimbia ni sawa na saa nzima ya kutembea. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linafuata hesabu hiyo hiyo: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mwendo mkali. Kwa mama mwenye watoto wadogo, duka na mifugo, nusu saa anayookoa si kitu kidogo. Kukimbia kuna faida nyingine pia, kunapandisha uwezo wa moyo na mapafu haraka zaidi. Ikiwa kutembea hakukuhemeshi tena, kukimbia ndiyo hatua inayofuata.

Lakini kukimbia kunadai malipo. Kila unapokanyaga, mguu unapokea uzito wa mwili wako mara mbili hadi tatu, wakati kutembea hakuzidi sana uzito wenyewe. Mimi nilianza na kukimbia. Shemeji yangu hukimbia kila asubuhi barabara za Chuo Kikuu cha Dodoma, kule Chimwaga, nami nikamfuata, kilomita nne tangu siku ya kwanza, na vilima vyake. Pumzi haikunisumbua sana. Siku ya tisa muundi wa mguu wa kulia ukaanza kuuma, siku ya kumi na moja nikashindwa kupanda ngazi za ofisini. Nilikaa karibu miezi miwili bila zoezi lolote, na presha ikarudi pale pale ilipokuwa. Baadaye nilielewa kosa langu: moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache, mifupa na kano huchukua miezi. Pumzi inakudanganya kwamba uko tayari.

Ukitaka kukimbia, changanya. Kimbia dakika moja, tembea mbili, kwa nusu saa, na uongeze kidogo kidogo kila wiki. Na mwendo wake uwe wa mchakamchaka. Wote tuliosoma shule za msingi tunaukumbuka: kiongozi anatoa mstari mmoja wa wimbo, wengine wanaitikia, kila mtu anapata nafasi ya kuvuta pumzi katikati. Kipimo changu ni hicho. Nikiweza kuitikia, niko sawa. Nikiweza kuimba wimbo mzima bila kukatika, nimelegea. Nikishindwa hata kuitikia, nimezidisha.

Alphonce Simbu, kijana wa Singida, alipochukua dhahabu ya dunia ya marathoni huko Tokyo mwezi Septemba 2025 kwa saa 2:09:48, vijana wengi wa mtaani kwetu walitoka kesho yake wakikimbia kama wanafukuzwa. Nilifurahi kuwaona barabarani. Ila wakimbiaji wa mbio ndefu hufanya sehemu kubwa ya kilomita zao kwa mwendo ambao wanaweza kuongea na mwenzao. Moyo mpana unajengwa huko, kwenye kilomita nyingi zisizo na mashindano.

Uamuzi wangu kati ya hizi mbili: mwenye presha iliyozidi 140 kwa 90, mwenye kitambi, mwenye magoti yanayolalamika au aliyepita miaka 50 bila mazoezi, aanze na kutembea na asione haya. Kijana mwenye mwili mwepesi na saa chache, akimbie.

Baiskeli

Kanda yetu ya kati ni nchi ya baiskeli. Ukienda Bahi, Manyoni au Singida vijijini utakuta Phoenix nyeusi imebeba madumu ya maji, mkaa, kuku, hata mgonjwa. Kwa moyo ni zoezi zuri sana: misuli mikubwa ya mapaja inafanya kazi, na uzito wa mwili unakaa kwenye tandiko. Kwa mtu mnene mwenye magoti mabovu, hii inashinda zote mbili za juu. Mwendo mpole usiofika kilomita 16 kwa saa ni sawa na kutembea haraka, na ukizidi hapo unakaribia kukimbia.

Kasoro zake ni za mahali. Barabara ya Dar es Salaam ina malori na mabasi ambayo hayampi mwendesha baiskeli nafasi, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kutoipita. Njia za vumbi za ndani ya mitaa ni salama zaidi. Halafu kuna upepo. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa Dodoma unaweza kugeuza safari nyepesi kuwa ya kukaza meno upande mmoja, na upande wa kurudi unasukumwa bila kukanyaga pedali. Usihesabu kilomita, hesabu dakika ambazo miguu ilizunguka kweli.

Jingine ni mzigo. Watu huniuliza: kijana anayesukuma madumu sita ya lita 20 kupanda kilima hana mazoezi? Anayo, lakini si haya tunayozungumza. Anapokaza mikono na kubana pumzi ili baiskeli isimrudie, presha inaruka kwa namna ambayo kukimbia hakuifanyi. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliweka kipimo ndani ya mshipa wa mkono wa wanyanyua vyuma watano. Walipokuwa wanasukuma uzito mkubwa kwa miguu yote miwili, wastani wa presha ulifika 320 kwa 250, na mmoja alipita 480 kwa 350. Namba zote mbili, ya juu na ya chini. Mishipa ya kijana inavumilia dakika hiyo. Mzee mwenye presha isiyodhibitiwa asijaribu gunia wala madumu kwa kubana pumzi. Apumue nje wakati wa kusukuma, au amwachie mjukuu.

Jumamosi moja ndefu, au kila siku kidogo?

Wenzangu wengi ofisini wanakaa Jumatatu hadi Ijumaa, kisha Jumamosi wanatembea saa tatu kuzunguka Ntyuka au wanakwenda kwenye mbio za hisani. Nilitaka kusema wanakosea, lakini ushahidi hauniruhusu kusema hivyo moja kwa moja. Utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2023, wa watu karibu 90,000 waliovaa kipimo mkononi, ulionyesha kwamba waliolundika dakika zao kwenye siku moja au mbili walipata kinga dhidi ya shambulio la moyo na kiharusi inayokaribiana na waliozigawa. Kwa hiyo kama Jumamosi ndiyo siku pekee uliyo nayo, itumie, na usisikilize anayekwambia haina maana.

Ila kwa presha yenyewe nasimama na kila siku. Mteremko niliouona mezani kwangu unaisha ndani ya siku moja. Anayetembea dakika 35 siku tano anaishi wiki karibu nzima ndani ya mteremko huo, na wa Jumamosi anaupata hadi Jumapili. Mioyo ya Dallas nayo ililainika kwa siku 4 hadi 5. Na mwili uliokaa siku sita, ukidaiwa saa tatu kwa mkupuo kwenye jua, ndio unaoumia muundi kama wangu.

Wala si lazima ziwe mfululizo. Mwongozo ule wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 uliondoa sharti la zamani kwamba dakika chini ya kumi hazihesabiwi. Mimi nashuka kituo kimoja kabla ya nyumbani, na dakika 12 hizo naziandika. Nikiwa nashuka huwa nakumbuka utafiti wa Jeremy Morris wa mwaka 1953 kwenye mabasi ya ghorofa ya London: makonda waliopanda na kushuka ngazi kutwa walipata magonjwa ya moyo kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye basi lile lile, kwa saa zile zile za kazi. Wao nao hawakuwa wanakwenda uwanjani.

Na wale wanaosema ukuta unatosha

Mwaka 2023 ulitoka uchambuzi wa majaribio 270 yenye watu zaidi ya 15,800. Mazoezi ya kukaza misuli bila kusogea, kama kuegemea ukuta huku umekunja magoti ukikaa kwenye kiti kisichokuwepo, yalishusha namba ya juu kwa wastani wa 8.24. Mazoezi ya muda mrefu, kama kutembea na kukimbia, yalishusha kwa 4.49. Habari hizo zimesambaa, na wapo walioacha kutembea kwa sababu yake.

Nisingeacha. Ukuta ni dakika mbili mara nne, na mapumziko katikati, siku tatu kwa wiki, na ni nyongeza nzuri siku mvua inaponyesha. Lakini haukupi pumzi ya kupanda ngazi, hauchomi mafuta ya tumbo, wala haujengi kile chumba kipana nilichokieleza. Na wakati umekaza, presha inapanda, kwa hiyo pumua wakati wote.

Dawa, jua na mipaka

Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa mpaka daktari aseme. Lakini dawa zinabadilisha zoezi, na dukani mara nyingi hatuelezwi. Ukiwa na atenolol au propranolol kwenye pakiti yako, moyo wako hautapanda mapigo kama wa wenzako, hivyo ile hesabu ya kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo, 220 kutoa umri, haikufai. Tumia kipimo cha mchakamchaka. Ukiwa na dawa ya kukojosha, kama hydrochlorothiazide au bendroflumethiazide, Dodoma itakukausha kabla hujahisi kiu, maana hewa yetu ni kavu na jasho linapotea bila kuonekana. Ukiwa na amlodipine au nifedipine, usisimame ghafla baada ya kukimbia. Mishipa imelegezwa mara mbili, na dawa na zoezi, na kizunguzungu kinaweza kukuangusha. Tembea polepole dakika kumi za mwisho.

Jua lenyewe ni sehemu ya uchaguzi. Ukifanya zoezi moja kwa mwendo mmoja kwenye joto, utaona mapigo yanapanda taratibu ingawa hujaongeza kasi. Damu inagawanywa kati ya misuli na ngozi, jasho linapunguza maji, kila pigo linatoa kidogo, na moyo unafidia kwa kupiga zaidi. Kutembea kwa wastani saa 12 asubuhi kunaweza kuwa zoezi kali saa 5, kilomita zile zile. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijafika, mimi sitoki baada ya saa 2 asubuhi. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, udongo wetu wa Nzuguni unashika raba, basi nazunguka kwenye lami. Juni na Julai ni baridi na upepo, navaa sweta na kuanza taratibu zaidi, maana baridi inakaza mishipa.

Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi ukiwa umetulia, siku hiyo si ya mazoezi, ni ya kwenda hospitali. Maumivu ya kifua yanayopanda shingoni, tayani au mkononi, kuzimia, au moyo kupiga ovyo ovyo wakati wa zoezi: simama, tafuta msaada. Na kwa upande wa pili, wapo wanaozidisha. Baada ya marathoni, damu ya wakimbiaji wengi huonyesha dalili za misuli ya moyo kuchoka, na kwa kawaida hurudi sawa ndani ya siku chache. Wanaume waliokimbia mbio ndefu kwa miongo mingi hupata zaidi tatizo la moyo kupoteza mdundo wake. Msomaji wa kawaida wa makala hii yuko mbali sana na huko. Hatari yetu sisi ni kochi.

Nyumbani kwetu tulivyochagua

Shemeji, miaka 33, presha 118 kwa 76, anaendelea na Chimwaga yake. Nilimshauri apunguze kasi siku tatu kati ya tano, akacheka, akajaribu, sasa anakwenda mbali zaidi kuliko zamani.

Mimi natembea siku nne kwa dakika 45, na siku ya tano nachanganya na kukimbia kwa dakika moja moja. Ukuta naufanya Jumanne na Alhamisi nikisubiri maji ya chai yachemke. Baiskeli sijainunua.

Mama, miaka 71, anameza amlodipine. Hatujafikia muafaka kuhusu neno mazoezi, ila tumekubaliana kuhusu njia: kila alfajiri anatoka hadi kwenye bomba la kijiji na kurudi, mikono mitupu, bila ndoo, kwenda na kurudi mara mbili. Majirani wanamsalimia, "Mbukwa!", kisha wanamuuliza amesahau nini bombani, naye huwajibu anafuata presha yake. Nilimpelekea mashine na daftari, na mjukuu wake wa darasa la sita ndiye anayemwandikia. Jumapili iliyopita alinipigia simu saa 1 asubuhi, akamwambia mtoto asome kwa sauti: 138 kwa 82. Kisha akachukua simu mwenyewe na kuniuliza, "Na zako?"